Jeni Zilezile, Matumbo Mawili

Jumapili, 6 Oktoba

Mvua ya kwanza ya msimu imetukuta kanisani. Ilipiga mabati mpaka padri akanyamaza, akangoja. Katika kungoja huko nilimwona Evodie akiinuka kwenye benchi, mkono tumboni, akapita mbele ya magoti ya watu bila kuomba radhi. Alirudi, akakaa kidogo, akatoka tena mvuani.

Nyumbani aliniita chooni nikaangalie kabla hajamwaga maji. Damu, na kitu kama makamasi. "Njo ileile ya mwaka jana," akasema. "Imerudi."

Evodie ni pacha wangu. Kwa majina ya kimila ya mapacha, yeye ndiye Kyungu, aliyetangulia kutoka. Mimi Syntiche ni Kabange, niliyefuata. Ingawa amenizidi kwa dakika chache tu, namwita yaya, yaani dada mkubwa, naye hudai heshima yote ya yaya. Tunakaa mtaa wa Kataki, katika nyumba aliyotuachia baba, pamoja na shangazi Rosalie aliyetulea tangu mama afariki. Evodie anauza ndagala, dagaa wa ziwa letu, sokoni. Mimi nafundisha biolojia. Watu wasiotujua vizuri bado wananisimamisha barabarani kuniuliza kama samaki wamefika.

Kila akienda kliniki anaulizwa ilianza lini, inakuja mara ngapi, naye anajibu "siku nyingi". Wanampa dawa za amiba, anameza, inapungua, inarudi. Msimu huu nitaandika mimi.

Jumatano, 9 Oktoba

Dawa za amiba tena. Anasema mdomo wake una ladha ya msumari.

Jumanne, 15 Oktoba

Leo tumekwenda hospitali. Daktari Casimir amerudi kutoka mafunzoni na mashine yake: bomba jeusi, jembamba, lenye kamera mbele. Aliuliza maswali mengi kuliko wote waliomtangulia, kisha akatazama majibu ya vipimo vya choo tuliyokusanya.

"Hapa hawakuona amiba," akasema. "Hapa vilevile hawakuona. Na bado mukameza dawa za amiba?"

"Docta, njo dawa walitupatia," Evodie akajibu.

Nilipomwambia kwamba ninafundisha biolojia, aliniruhusu nisimame nyuma yake, nitazame kioo cha mashine. Nimefundisha utumbo mpana miaka yote hii kwa mchoro wa chaki. Sikuwa nimewahi kuuona. Mwanzoni nilisahau kwamba yule ni yaya. Ukuta ulikuwa mwekundu kama koo la mtoto mwenye homa, na kila bomba lilipogusa, palitoka damu. Kulikuwa na vidonda vidogo vyenye utando mweupe. Halafu, mbele zaidi, wekundu ukaisha ghafla, kama mpaka wa shamba, na baada ya hapo ukuta ulikuwa wa waridi, laini, unang'aa. Nilipoona ule ukuta wenye afya ndipo nilipoelewa jinsi ule mwingine ulivyoumia.

Daktari alikata vipande vidogo mno, kama punje za mtama, vya kupeleka Lubumbashi. Lakini alituambia anachofikiri: si amiba, si kipindupindu, wala si ugonjwa wa kuambukizwa na mtu. Ni kinga ya mwili wake mwenyewe. Askari walioitwa kumpiga adui wamebaki ndani, na wanapiga ukuta wa nyumba.

"Nani aliwaita?" nikauliza.

Casimir alivua glavu zake polepole. "Hilo swali, Madame, hata huko nilikotoka kusoma wanaliuliza."

Evodie aliuliza jambo moja tu: kama tumbo litapona. Akaambiwa litatulizwa. Njiani kurudi, juu ya pikipiki, alilirudia neno hilo mgongoni mwangu. Kutulizwa. Kama mtoto anayelia.

Jumatatu, 28 Oktoba

Majibu yamefika na yanakubaliana na Casimir. Ameanzishiwa vidonge, vingi asubuhi, na amekatazwa kabisa kuviacha ghafla. Pamoja na majibu ilikuja simu.

Aliyepiga anaitwa Daktari Odile, mtafiti wa Lubumbashi. Alisoma kwenye karatasi ya Casimir kwamba mgonjwa ana pacha.

"Munafanana?" akaniuliza.

"Hata shangazi yetu hutuchanganya tukigeuka mgongo."

Akaanza kusema haraka. Anasoma ugonjwa huu kwa njia ya jeni, si jeni zipi mtu anazo, bali zipi zinafanya kazi. Kila chembe ya mwili ina maagizo yote, alisema, ya jicho, ya ini, ya utumbo. Lakini chembe haitumii yote. Linapohitajika agizo moja, linanakiliwa, na ile nakala ndiyo inayopelekwa kazini. Agizo linalotumika sana lina nakala nyingi. Lililolala halina hata moja. Yeye anahesabu nakala.

"Wewe na dada yako muna maagizo yaleyale," akasema. "Kwa hiyo kama utumbo wake unawaka na wako hauwaki, tofauti haiko katika maagizo peke yake. Ninataka kuona nini kinanakiliwa kwake na hakinakiliwi kwako."

Nilimwambia ninayajua haya, ninayafundisha. Lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nimeyafundisha kama majina ya wafalme wa zamani. Sikuwahi kufikiri kwamba yanatokea sasa hivi, kwangu na kwa yaya, aliyekuwa ameketi ng'ambo ya meza akichambua mchele.

Anataka kipande cha utumbo wake na kipande cha wangu. Atakuja mwezi wa pili, barabara na ndege zikiruhusu. Nilisema nitafikiri. Nilikuwa nimeshafikiri.

Jumatano, 6 Novemba

Darasani nimewauliza: kama chembe ya jicho ina maagizo ya kutengeneza nyongo, kwa nini jicho halitoi nyongo? Walicheka. Msichana mmoja wa benchi la mbele hakucheka. Aliuliza, "Madame, maagizo yakiwashwa na kuzimwa, nani anashika swichi?" Nikamwambia kuna vitu vingi: chakula, vijidudu vya tumboni, magonjwa tuliyougua tukiwa wadogo, na mengine hayajulikani. Aliandika "hayajulikani" na kulipigia mstari, kama kwamba ndilo jibu.

Jumapili, 10 Novemba

Shangazi Rosalie amesema leo alichokuwa amekibeba siku nyingi.

Tulikuwa tunakula, mimi na yeye. Evodie alikuwa amelala. Nilijiongezea bukari, ule ugali wetu. Shangazi akaniangalia mkono.

"Kabange," akasema, "mapasa wako na nguvu moja. Mumoja akikula mingi, mwenzake anabakia na kidogo. Angalia vile uko. Halafu angalia dada yako."

"Shangazi, Docta alieleza."

"Docta alieleza tumbo. Mimi ninasema juu yenu." Hakuwa na hasira. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma joto la mgonjwa. "Sisemi unafanya kwa kupenda. Muntu anaweza kukula ya mwenzake na hajui. Toka kidogo hapa nyumbani. Tuone."

Nilikwenda chumbani na kumkuta Evodie macho wazi. Ukuta wetu ni mwembamba, alisikia yote. Nilingoja aseme ni upuuzi. Alisema, "Shangazi amechoka tu," akageukia upande wa pili.

Shangazi huyuhuyu alitufunga sote wawili kwa kitenge kimoja, mmoja mbele mmoja nyuma, akivuka daraja la mto Lukuga kwenda kliniki. Hataki kuniumiza. Hilo ndilo linalouma.

Jumapili, 17 Novemba

Nimehamia kwa Lydie, mwalimu mwenzangu. Nilikataa wiki nzima, kisha nikasema sawa. "Tuone," alisema shangazi. Basi tuone. Nimebeba nguo, vitabu na godoro.

Jumamosi, 30 Novemba

Mvua kila siku. Nampitia Evodie sokoni, tunaongea tumesimama kama watu wa mitaa tofauti. Anakwenda chooni mara chache. Uso umeanza kuwa mviringo kwa dawa. Siku moja mteja alitutazama na kuuliza nani mkubwa. Haijawahi kutokea kwamba mtu atutofautishe mara moja.

Jumapili, 8 Desemba

Damu imekoma kabisa. Evodie amekula sombe ya majani ya muhogo na samaki na kukaa kimya baada ya kula, akingoja, na halikutokea lolote. Ananihadithia akicheka.

Shangazi naye alinipokea mlangoni kwa furaha ya kweli, akanishika mashavu. "Umeona, Kabange? Umeona?"

Nimeona. Ninaona pia kosa ambalo ningempa mwanafunzi sifuri kwa ajili yake. Tulibadilisha vitu viwili kwa wakati mmoja: vidonge vilianza kufanya kazi, na mimi nikaondoka. Sasa kila mtu atachagua sababu anayoipenda. Nilijaribu kumweleza shangazi. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa adabu, akasema, "Sawa. Lakini usirudi bado."

Jumatano, 25 Desemba

Noeli kwa Lydie. Evodie alileta samaki wa mikebuka wa kukaanga, tukala kibarazani kwa Lydie. Hakukaa sana.

Ijumaa, 10 Januari

Ziwa limepanda. Mitaa ya chini maji yameingia nyumbani, na vyoo vimejaa. Wanasema kipindupindu kimeanza upande wa bandari. Shuleni tumeweka ndoo ya maji ya klorini mlangoni.

Jumanne, 14 Januari

Nimeketi kwenye korido ya hospitali na nina muda, kwa hiyo nitaandika kila kitu.

Asubuhi nilikuwa darasani shangazi Rosalie aliposimama mlangoni. Kitenge chake kilikuwa na matope hadi magotini, na mguu mmoja haukuwa na kiatu. Wanafunzi waliinuka wote kwa heshima. Hakuwaona.

"Kabange, kuja," akasema. "Wamemubeba Kyungu."

Alianza kuharisha jana mchana. Leo alfajiri alianguka uani, majirani wakaita watu wa kipindupindu, nao wakampeleka kwenye mahema yao. Hawakukosea, mtaani kwetu kila anayeharisha sasa ni kipindupindu mpaka ijulikane vingine.

Kwenye mahema walitupulizia dawa miguuni na kutuingiza. Vitanda vya turubai vina tundu katikati na ndoo chini. Yaya alikuwa wa tatu kutoka mlangoni, midomo ya rangi ya majivu, dripu mkononi. Nilipiga magoti nikaangalia ndoo. Nimekulia mji huu. Choo cha kipindupindu nakijua, kinafanana na maji yaliyooshea mchele. Hiki kilikuwa chekundu.

Muuguzi alikuwa peke yake na wagonjwa wengi, na macho yake yalisema hajalala. Nilimwambia kuhusu kolite, ule ugonjwa wake wa utumbo, na kuhusu vidonge. "Mama, nikimaliza na huyu mutoto nitakusikiliza," akasema, na alikuwa na haki, mtoto yule alikuwa anazimika. Nikampigia Casimir. Simu ilikatika, nikapiga tena. Alikuja kwa pikipiki kwenye mvua, koti la plastiki juu ya joho lake jeupe la udaktari.

"Evodie, vidonge unameza?"

Alifumba macho. "Niliacha."

"Tangu lini?"

"Mwaka mupya."

"Kwa nini?"

Hakumtazama daktari. Alinitazama mimi. "Nilikuwa nimepona," akasema.

Shangazi akajibu kwa niaba yake, amesimama kwenye miguu ya kitanda. "Mimi njo nilimwambia. Uso ulikuwa unavimba. Niliona dawa inamuharibu bure, na mutoto alikuwa amepona."

Casimir hakumgombeza. Alieleza tu, kwa sauti ya chini, kwamba mwili uliozoea dawa ile ukinyang'anywa ghafla huanguka, na kwamba wale askari walikuwa wametulizwa, hawakuwa wameondoka. Kisha akasema tumhamishe hospitali mara moja.

Mimi ndiye niliyemgombeza. Nje ya hema, nikisubiri gari, nilimwambia shangazi maneno ambayo sitayaandika hapa. Alisimama akayapokea yote. Halafu akainama, akaokota vitambaa vya Evodie vilivyolowa damu na uchafu, akavipeleka kwenye beseni la klorini na kuanza kuvifua kwa mikono mitupu, mvua ikimpiga mgongoni. Muuguzi alimletea glavu. Alizivaa bila kuinua uso.

Hapa hospitali walimpima: damu iliyobaki mwilini ni ndogo mno. Wamempa dawa ya mshipa, lakini anahitaji damu leo, na friji ya damu haina ya kundi lake.

"Niko hapa," nikasema. Casimir karibu atabasamu. Walipima kwa utaratibu wao, ingawa sote tulijua itakubaliana.

Nilikuwa nimeketi na sindano mkononi shangazi alipoingia. Nilidhani atakataa. Kwa hesabu yake, mimi ndiye ninayemla mwenzangu. Je, damu yangu itamfanya nini? Alitazama mfuko ukijaa, mwekundu mzito, na uso wake ukalegea kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Ndiyo," akasema. "Murudishie. Njo yake."

Sikumsahihisha. Yaya alikuwa anahitaji mfuko ule, na shangazi alikuwa ameshaketi sakafuni, mgongo kwenye kitanda changu, akishikilia kisigino changu kama alivyofanya tukiwa na homa utotoni.

Alhamisi, 16 Januari

Mfuko wa pili umepatikana kwa mjomba wa Lydie. Evodie anaongea.

Jumapili, 19 Januari

Ameomba chai. Amekunywa, imekaa.

Tulipobaki wawili akasema, "Niliamini, Syntiche."

"Uliamini nini?"

"Ile ya shangazi. Ulipoondoka nikapata nguvu. Kila siku nilikuwa nasema, leo nitamwambia arudi, halafu naogopa. Najisikia muzima, naogopa. Nikakuacha kwa Lydie hata siku ya Noeli."

Nilimwangalia. Kwa miezi miwili nilikuwa nimemkasirikia shangazi peke yake, na yaya nilimweka upande wangu bila kumuuliza. Nikamuuliza kitu ambacho kweli nilitaka kukijua: ilikuwaje, kula sombe na kuona tumbo haliumi?

Alifikiri. "Kama nyumba ambayo watu wamenyamaza," akasema. "Unasikia hata saa ya ukutani."

Jumapili, 2 Februari

Shangazi alikuja kwa Lydie na pikipiki mbili. Moja ya godoro langu, moja ya mimi na yeye. Hakuomba msamaha. "Rudi nyumbani," akasema. "Ulishamurudishia." Maelezo yake si sahihi, lakini mlango umefunguka. Nimerudi.

Vidonge vya Evodie viko kwenye bakuli juu ya meza, na shangazi ndiye anayesimama mbele yake kila asubuhi mpaka vishuke kooni.

Alhamisi, 20 Februari

Daktari Odile amefika. Nilimtarajia mrefu kwa sababu ya sauti yake. Ni mfupi, ana mwendo wa haraka, na anabeba sanduku la barafu begani kama muuza maji ya pakiti.

Jana nilikunywa yale maji ya kusafisha tumbo. Evodie aliketi nje ya choo akinisimulia kwa raha zote kitakachofuata. "Sasa itakuja kama mvua. Ngoja. Bado. Sasa." Hatujacheka hivyo tangu mwaka jana.

Leo walianza na yeye, kisha mimi. Niliomba kioo kigeuzwe nione. Nilimwona Odile akiinama mbele, na mimi pia nikainua shingo. Ukuta wa waridi, unaong'aa, wenye mishipa midogo kama mito kwenye ramani, mwanzo hadi mwisho. Nilijihisi kama nimeingia nyumba ya jirani bila kubisha.

"Muzuri," akasema Casimir.

Vipande vyetu vimetiwa kwenye vichupa vyenye maji maalumu. Odile anasema zile nakala zinaoza haraka kuliko ndagala waliokosa jua. Bila maji yale, kufika Lubumbashi zingekuwa zimekwisha. Kutoka huko zitakwenda kwenye mashine Afrika Kusini. Kwenye vichupa ameandika K1 na K2. Nilimuuliza nani ni nani. "Kyungu na Kabange," akajibu, akishangaa kwamba nimeuliza.

Jumamosi, 22 Februari

Ndege haikutua kwa mvua. Odile yuko kwetu na sanduku lake. Shangazi anatafuta barafu mji mzima.

Jumatatu, 24 Februari

Ndege imeondoka.

Jumapili, 16 Machi

Evodie amerudi sokoni, nusu siku. Casimir anapunguza vile vidonge vinavyovimbisha uso, kidogo kidogo, na kumwachia vya aina nyingine vya kumeza siku zote. Mashavu yanarudi kama zamani. Leo mtu aliniuliza tena kama samaki wamefika.

Jumanne, 8 Aprili

Bado kimya kutoka Lubumbashi. Nikilala nashika tumbo langu, si kwa maumivu, bali kwa kujiuliza nini kinanakiliwa mle.

Alhamisi, 8 Mei

Odile alikuja mwenyewe; alisema jambo hili hawezi kulisema kwa simu. Tuliketi naye mezani, chakula mbele yetu, mimi, Evodie na shangazi. Alitandaza karatasi yenye madoa mekundu na ya buluu, safu kwa safu. Mekundu ni maagizo yanayonakiliwa sana. Buluu ni yaliyonyamaza.

Kwanza ya Evodie. Maagizo ya kuwaita askari: mekundu, mekundu, mekundu. Yale ya kushikanisha chembe za ukuta zikae pamoja, na ya kutengeneza ute wa kuukinga: buluu.

"Kwa hiyo wanapiga, na ukuta hauna nguvu ya kujifunga," Evodie akasema, kidole juu ya karatasi.

"Ndiyo. Yote mawili."

Shangazi alikuwa anangoja zamu yake. "Mama Docta, maagizo ni ya pamoja, umesema. Basi nani alichukua ya mwenzake?"

"Hakuna aliyechukua, Mama. Kila mmoja ana yake kamili."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Shangazi aliitazama ile karatasi asiyoweza kuisoma. Kisha akaanza kukusanya sahani, ingawa tulikuwa hatujamaliza kula, akazipeleka uani. Tulisikia maji yakimwagwa kwa muda mrefu kuliko sahani zile zilivyohitaji.

Odile akavuta karatasi ya pili. Yangu. Karibu yote ilifanana na ya watu wenye afya aliowapima Lubumbashi. Karibu. Aliweka kalamu kwenye kona moja, mahali penye madoa machache ya wekundu hafifu.

"Haya," akasema, "kwa watu wengine wenye afya yamelala. Kwako yameamka kidogo. Si kama ya dada yako. Yameelekea kwake tu."

"Maana yake nini?"

"Sijui."

"Nitaugua?"

"Mapacha wengi wa wagonjwa kama Evodie hawaugui kamwe. Labda haya ndiyo mwanzo. Labda ni vile mwili wako unavyojilinda, na ndiyo sababu wewe ni muzima. Karatasi moja haiwezi kuniambia." Alinitazama moja kwa moja. "Ningeweza kukuficha. Nilifikiri hungependa."

Nilikuwa nikingoja hofu, nayo ilikuja. Lakini ilikuja na mwenzake, hamu ya kujua. Nilivuta karatasi karibu na kuanza kuuliza: haya maagizo ni ya nini, yanaitwaje, hili je, na hili? Odile alivuta kiti akanijibu moja moja.

Evodie ndiye aliyesimama. Aliegemea mlango, mikono kifuani, machozi yakishuka bila sauti.

"Afadhali ingebaki kwangu," akasema. "Nilishaizoea peke yangu."

Nilimwambia haijafika kwangu. Akasema, "Najua." Akasema tena, "Najua," akaja akaketi kwenye kiti kimoja na mimi, nusu kwa nusu, tukaendelea kuisoma karatasi.

Shangazi aliporudi na sahani alimwekea kila mmoja wetu bukari. Alipofika kwangu alisita, mwiko hewani. Kisha akaongeza.

Jumapili, 18 Mei

Mvua zimekwisha; siku kadhaa sasa anga kavu. Evodie ameondoka na meli kwenda Moba kununua samaki, safari yake ya kwanza tangu augue. Vidonge viko katika mfuko aliojifunga kiunoni chini ya kitenge.

Jumanne, 20 Mei

Asubuhi nilikuwa na maumivu madogo ya tumbo. Nimeyachunguza darasa zima likifanya zoezi: upande wa kushoto, hafifu, yanakuja na kwenda. Yanaweza kuwa maharagwe. Mchana hayakuwepo.

Jioni Evodie alipiga simu kutoka Moba. Kulikuwa na upepo na sauti za watu wakipakia mizigo. Amepata samaki wa kuhe wazuri, amepanda mlima hadi kanisani bila kupumzika, amekula kila alichopewa. Nilimwacha amalize. Kisha akashusha sauti, sauti ile ya Casimir, ya kuuliza kwa utaratibu.

"Na weye, Kabange? Tumbo?"

Hajawahi kuniuliza hilo maishani mwake. Nilimweleza yote, upande wa kushoto, hafifu, asubuhi tu.

"Damu?"

"Hapana."

"Sawa," akasema yaya. "Nitakuuliza tena kesho."